Tairi Lililochuja Rangi

Ujuaji wangu umenitia aibu, na sina wa kumlaumu. Jirani yangu wa Shauri Moyo, Mzee Athumani, hukata viatu vya akala kwa matairi makuukuu. Aliniambia, "Mwanangu, nunua kuukuu lenye meno, nitakuchagulia. Masika haya." Nikamjibu kwamba gari langu halivai mabaki ya watu.

Nikaenda sokoni peke yangu, nikanunua tairi "jipya", jeusi, linang'aa. Siku ya harusi ya jamaa yetu nikampakia Mzee Athumani na wazee wengine watatu, kanzu nyeupe pee, kwenda Pumwani. Mvua ikatushukia, gari likateleza, likaingia mtaroni. Wazee wakashuka wakasukuma, mikono na mabega kwenye tairi langu. Walipoinuka, kanzu zilikuwa nyeusi tititi hadi kifuani.

"Ni tope tu, wazee wangu," nikasema.

Mzee Athumani akanusa kiganja chake. "Rangi ya viatu," akasema. Kisha akainama, akapapasa ubavuni mwa tairi mpaka akapata kovu la kisu.

"Kisu hiki ni changu. Hili nililitupa juzi, mwanangu. Halikufaa hata akala."