Machozi Ambayo Mama Mkwe Hakuyalia

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu hasira yake sijaimaliza. Umeniambia shuleni wanataka uandike habari za familia yetu ilivyotoka Kongo, na mwalimu amesema iwe ya huzuni. Kaa hapa. Zima hiyo simu. Najua utanijibu kwa Kiingereza, haidhuru, lakini nisikilize kwa Kiswahili.

Nilikuwa msichana, bado mgeni hapa Birmingham, nikiishi Bordesley Green kwa baba mdogo. Kwetu Uvira alikuwa akichora vibao vya vinyozi na vya maduka. Basi kukawa na maonyesho katika ukumbi mmoja mjini: katuni za vita vya zamani vya Waingereza, enzi zile mji mzima ulipozimwa taa usiku ili ndege za adui zisiuone. Mama aliyeyaandaa akatualika sisi tuliokimbia vita tulete michoro yetu pia. Tukaenda kuangalia kwanza. Jamani! Bwana mmoja gizani amevua kofia analiamkia sanduku la posta, akidhani ni bibi mnene. Mwingine ameingia nyumba ya jirani badala ya yake, amekaa mezani anangoja chakula. Baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bale batu ni sisi kabisa!" akasema, akiwaonyesha wale watu kwa kidole.

Akarudi nyumbani akachora usiku mmoja wa Uvira. Risasi zinapita, taa zimezimwa, kila mtu amejitupa chini ya kitanda alichokifikia. Yeye akaingia chini ya kimoja, kumbe mama mkwe wake yumo humo humo! Unajua kwetu mtu hamkaribii mama mkwe wake, hata kumtazama usoni ni aibu. Sasa watoke waende wapi? Wakakaa pale hadi asubuhi wamepeana migongo, kila mmoja amejifunika nusu ya uso kwa heshima, na bibi wa watu ananong'ona, "Samahani, mkwe. Mimi siko hapa."

Mama mdogo, mke wake, alipouona mchoro ule alicheka kwa sauti. Mwanangu, alikuwa hajacheka tangu tufike nchi hii. Mama yake alifia njiani tulipokuwa tunakimbia, picha zote ziliungua na nyumba, na ule mchoro ndio ukawa sura pekee ya mama yake aliyobaki nayo. Akashona kitenge kipya cha kuvaa siku ya ufunguzi.

Siku hiyo mimi na baba mdogo tukatangulia na mchoro. Yule mama wa maonyesho akautazama, akatabasamu kama anayemtazama mgonjwa. Akaniambia nimtafsirie mzee: kazi ni nzuri, ila vita si mzaha, na watu watataka kuguswa. Je, hawezi kumwekea bibi machozi? Kidogo tu?

Na mimi, kwa kuogopa tusionekane wakorofi, nikamwambia, "Baba mdogo, weka tu matone mawili. Si kitu. Wametualika."

Akanigeukia. "Matone? Zunguka ukuta huu wote, unionyeshe Mwingereza mmoja anayelia."

Nikaangalia ukuta mzima. Hakuna hata mmoja.

"Mabomu hayakuwaangukia hapa hapa? Hawakuzika watu? Bazungu banacheka, mimi nilie? Juu ya nini? Ma fille, binti yangu, mama mkwe wangu hakulia usiku ule. Alinionea haya. Ukimwekea machozi, mke wangu akija atakuta mwanamke mwingine. Mwambie hivyo. Na usiyalainishe maneno yangu."

Nikamwambia vilevile. Mama yule akawa mwekundu, akasema anasikitika, basi hautaweza kutundikwa. Anasikitika! Za kwao zimejaa ukuta, sisi tunanyimwa msumari mmoja.

Baba mdogo akachukua mchoro wake akasimama nje mlangoni, ameushika kifuani, manyunyu yanamwangukia. Mama mdogo akafika na kitenge chake kipya.

"Mbona uko inje?" akauliza.

Baba mdogo akamgeuzia mchoro. Mama mdogo akautazama mchoro, akamwona mama yake vilevile alivyokuwa, amejifunika nusu ya uso, hana chozi. Akacheka palepale mlangoni, wageni wakalazimika kumpisha. Kisha tukarudi nyumbani, mchoro nimeufunika kwa koti langu.

Kwa hiyo andika, mwanangu. Palipo na kilio andika kilio, usikifiche. Palipo na kicheko kiache hapo hapo, asije mtu akakuagizia machozi. Na ukiyatafsiri maneno ya wazazi wako, yafikishe yalivyo, hata mwenyeji akinuna. Mwalimu akisema haisikitishi vya kutosha, mlete hapa kwetu Hodge Hill. Mchoro alioniachia baba mdogo upo sebuleni, nitamwonyesha mwenyewe, na nitamwambia kwa Kiingereza nilichonacho.

Mungu akupe ulimi usioogopa. Na siku giza likikukuta, akupe mtu wa kujificha naye, hata akiwa mama mkwe wako.