Mama Hafungi Macho

Mimi kungoja sijui. Sista wa kituo cha afya aliponiambia kwamba mambo ya mama yangu yataenda polepole, nilimwuliza palepale: polepole mpaka lini? Mwenyekiti wa soko alikuwa ameshasema nafasi ya mama hapo Malaba mpakani, kando ya foleni ya matrela, atapewa mtu mwingine kama mwenyewe harudi Jumatatu. Hata mimi nikikaa pale haitoshi, anataka mwenye meza. Na meza ile mama ameikalia tangu sijaanza shule. Anauza karanga na mbegu za simsim, na madereva wa pande zote mbili za mpaka wanamjua.

Kilichomtoa pale ni trela. Breki zilikataa, likarudi nyuma mpaka kwenye meza za watu. Mwanamke wa ndizi aliyekuwa anakaa ubavuni mwa mama alikufa. Mama hakupata hata mchubuko, watu wakasema huyu amepona. Kupona gani? Akisikia ile breki ya upepo, ile pshhh, anaruka, anashika kichwa, jasho linamtoka, na ukimgusa anakupiga.

Sista alikuwa anaongea naye kila wiki, wao wawili tu. Halafu akamwingiza kwenye kikundi cha akina mama, Alhamisi, ndani ya darasa la nasari: kupumua, kujinyoosha, mwisho ngoma. Alituambia wazi kwamba hiyo haichukui nafasi ya yale mazungumzo, wala ya dawa kwa aliyepewa dawa. Inausaidia mwili ujue kwamba hatari imepita. Mimi niliingia kama msindikizaji. Ngoma tuliiweza, tena sana. Kupumua ndiko kulitushinda.

"Fungeni macho," sista akasema. "Vuta pumzi, toa polepole."

Nikachungulia. Wafanyabiashara wote wa mpakani, macho wazi kabisa, kila mtu amekumbatia mkoba wake tumboni.

"Mama, funga macho," nikamnong'oneza.

"Funga wewe. Mimi naangalia."

"Unaangalia nini? Hapa kuna mwizi?"

"Kwani mwizi anakuambianga yuko?" akadakia mwanamke mmoja wa samaki kutoka Busia, na darasa zima likaangua kicheko. Mama pia alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile siku.

Mimi nikaona tunapoteza wakati. Jumamosi, nyumbani, nikamkalisha kitandani, nikamfunga macho na kitambaa changu, nikaanza kumwongoza: vuta, toa, vuta, toa. Haraka haraka, kama mwalimu wa michezo. Hakumaliza hata dakika. Alikivua kitambaa, akakimbilia mlangoni na kusimama pale ameshika fremu.

"Ukinifunga macho naliona linakuja," akasema. "Siku ile nilikuwa nimeinama, nachagua karanga mbovu. Sikuangalia. Ningeangalia, ningemvuta mwenzangu."

Hilo alikuwa hajawahi kuniambia. 

Nikampigia sista, nikitegemea atamsema mama. Akanisema mimi. "Nani amekutuma umfunge mtu macho? Akitaka wazi, yawe wazi. Achague kitu kimoja cha kuangalia, nyayo zikanyage chini sawasawa, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Na lile alilokuambia, mwambie aje nalo kwangu. Na kurudi sokoni Jumatatu aamue mwenyewe, si wewe."

Simu ilikuwa kwenye spika.

"Umesikia?" mama akasema, kama mtu aliyeshinda kesi. "Macho wazi."

Jumapili yote alifanya hivyo mlangoni, akiangalia kuku wa jirani. Pumzi ya kutoka aliipuliza kama anapoza chai. Sikumwongoza. Iliniuma, lakini sikumwongoza.

Jumatatu alibeba beseni lake mwenyewe. Tulipofika kwenye meza, kabla ya kupanga chochote, aliizungusha. Miaka yote alikuwa anayapa matrela mgongo, anatazama wapita njia. Sasa akakaa kuyatazama matrela. Mwenyekiti alipita, akamwona, akasema kwa heshima, "Nyabo, karibu tena," akaendelea na safari yake.

Halafu trela moja likasimama mbele yetu. Pshhh!

Mama alishika ukingo wa meza. Niliona vidole vya miguu vikikanyaga ndani ya ndala. Macho kwenye tairi. Akapuliza, ndefu, halafu tena. Meza ilitikisika na karanga kidogo zikamwagika, lakini hakuinuka.

Dereva akashuka akinyoosha mgongo. "Mama! Ulipotelea wapi? Nipimie karanga."

"Jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani tena?"

"La nyuma ya tairi. Taniboi wako aweke, ndio napima."

"Weh! Siku hizi karanga zina masharti?"

"Zina. Hutaki, kanunue kule mbele."

Dereva alicheka, akampigia kelele taniboi, yule msaidizi wake wa garini, na jiwe likawekwa. Mama aliliangalia mpaka likakaa vizuri. Ndipo akachukua kikombe, akapima, akaongeza kiganja kimoja juu kama zamani.

Wa pili alipokuja akaambiwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele yake, tayari kumshika akianguka.

"Na wewe unafanya nini hapo?" akaniuliza. "Sogea, unanizibia magurudumu. Nenda kanichukulie simsim."