Chochote Mtakachonipa

Nimekuwa katekista kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto niliowafundisha komunyo ya kwanza sasa wananipita barabarani wakitanguliwa na vitambi, wakiniamkia shikamoo. Miaka yote hiyo nimefundisha jambo moja kwa bidii kuliko mengine: kushukuru. Ukipewa ugali, shukuru. Ukipewa ugali bila mboga, shukuru zaidi, maana cha kuchagua hakipo. Sikujua kwamba somo hilo lingefika Ulaya kabla yangu na kututia hasara.

Binti yangu wa mwisho ni muuguzi hapa Sumbawanga mjini. Alikuwa ameomba kazi Ayalandi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi mwenyewe ni mzee, nikamuuliza kama hakuona haja ya kuanzia karibu.

"Baba," akasema, "wewe hujakubali hata kushikwa mkono ukivuka mtaro."

Ilikuwa kweli.

Jioni moja ya mwezi wa sita, katika baridi yetu ile ya kuvalia koti ndani ya nyumba, alirudi kazini akatuambia kwamba ameshafanyiwa usaili kwa simu. Tulikuwa jikoni, mimi na dada yangu mdogo, shangazi yake. Huyu hununua dagaa Kirando, ziwani, na kuwauza sokoni hapa mjini, na tangu nifiwe na mke wangu hupita kwangu kila jioni kuhakikisha bado napumua.

"Wamekuuliza nini?" shangazi akadakia.

"Mambo ya kazi. Dawa, vidonda, namna ya kumgeuza mgonjwa. Mwishoni mama aliyekuwa akinisaili akaniuliza nategemea mshahara gani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema chochote mtakachonipa nitashukuru."

Dada yangu akaweka chini sinia la dagaa aliokuwa akiwachambua. Hakumtazama binti, alinitazama mimi.

"Hiyo ni sauti yako, kaka. Mtoto kafungua mdomo, umetoka wewe."

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye simu. Wamemkubali, kwa mshahara wa muuguzi anayeanza, kana kwamba miaka yote wodini alikuwa akipita tu kusalimia. Nauli juu yake, pango juu yake, na ajibu kabla ya Ijumaa.

Kwetu fedha ikizidi ukubwa fulani tunaipima kwa magunia ya mahindi, vinginevyo haiingii akilini. Nikachukua kijiti nikapiga hesabu kwenye majivu kando ya jiko. Mshahara wa mwezi mmoja ulijaza ghala langu na la jirani. Nikavua kofia nianze sala ya shukrani.

"Vaa kofia yako," dada yangu akasema. "Atalala wapi?"

Binti akataja pango. Nikafuta magunia, ghala la jirani likaisha lote.

"Na ni chumba kimoja," akaongeza.

"Mwenye nyumba huyo anakula kuliko panya," nikasema.

Tukatoa kodi ya serikali, basi, chakula, na umeme wa kupasha chumba moto. Tukatoa na nauli ya ndege, ambayo ingebidi akope. Yaliyobaki kwenye majivu hayakuzidi anachopata hapa akijumlisha mshahara wake na shamba letu, na hapa analala bure na kula ulezi wa baba yake.

"Basi asiende," nikasema, nadhani upesi kuliko inavyofaa.

Binti yangu aliinama akachochea mkaa uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Namjua tangu hajaota meno. Alitaka kwenda, akafanye kazi kwenye wodi yenye vifaa vyote alivyovisoma vitabuni na kamwe hakuvishika.

Nikajaribu kumtetea, na katika kumtetea nikajitetea. Huku Ufipa ukialikwa kumlimia mtu, kufukia nyasi kwenye matuta ya duara tunayoyaita ntumba, huulizi utapewa nini. Ukiuliza, utaonekana huna malezi. Unalima, jua likiinama unaletewa chakula na pombe ya ulezi, na chungu lazima kijae. Mwenye shamba akipunja atasemwa kuanzia kisimani hadi mlangoni mwa kanisa, na msimu unaofuata atalima na mke wake tu. Aibu yake ndiyo mkataba wetu.

"Sawa," dada yangu akasema. "Sasa huyo mama wa Ayalandi anachota maji kisima gani, tukamseme?"

Nikachorachora majivu kwa kijiti.

"Na Mungu ukimwomba, unamwambia atupe chochote?" akaendelea.

Hapo alinishika pabaya. Mvua zikichelewa, mimi ndiye ninayeongoza sala ya kuziomba, tena nataja: ziwe za kutosha, zisiwe za mawe, zisiishie Muze bondeni zikatusahau sisi wa huku juu. Mwaka mmoja padri alinivuta kando akaniambia sala yangu ilifanana na agizo la dukani.

"Muumba wa mbingu mnamchagulia hadi aina ya mvua," dada yangu akasema, "halafu mwenye nyumba ya wazee mnamwonea haya."

Mafunzo yakaanza papo hapo. Dada yangu akaketi kwenye kiti changu, koti langu mabegani, akawa mwajiri.

"Haya binti, unataka kiasi gani?"

"Kama itawezekana, mama..."

"Haiwezekani. Anza upya."

"Samahani, mama, nilikuwa..."

"Umenikosea nini? Anza upya. Na usitazame sakafu, hakuna dagaa wa kuokota huko."

Tulipokuja kula, ugali ulikuwa umepoa, lakini binti aliweza kusema yote bila kukunja goti. Ana uzoefu, anataka mshahara wa mwenye uzoefu. Nauli walipe wao, na pango la miezi ya mwanzo pia. Alisema kwa sauti ile anayomwambia nayo mgonjwa avue shati. Mimi ndiye niliyetoka jasho.

Alhamisi alipiga simu sebuleni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na rozari. Niliomba vitu viwili vinavyopingana, nikimtegemea Mungu, mwenye uvumilivu, avitenganishe mwenyewe. Akaambiwa asubiri. Tukasubiri hadi chai ikaota ngozi juu. Kisha simu ikalia. Mshahara wameupandisha, nauli ya kwenda watalipa, na chumba watamlipia hadi atakapozoea. Yule mama hakukasirika hata kidogo. Alisema walikuwa wakishangaa kwa nini hakuuliza mapema.

"Wakishangaa," dada yangu akasema, "huku wameficha mkoba."

Tukarudi kwenye majivu, na safari hii ghala lilibaki na kitu. Binti yangu akapiga magoti mbele yangu.

"Baba, naomba baraka zako."

Nikanyoosha mkono.

"Lakini nina masharti."

Mkono ukabaki hewani. Anataka niache jembe, nikubali kulimiwa. Anataka nivae miwani niliyoifungia sandukuni. Na shangazi yake ahamie kwangu, kwenye chumba atakachokiacha yeye, nami nisibishe.

"Haya ni mafunzo yako," nikamwambia dada yangu.

"Mimi nimekaa tu kwenye kiti chako."

Nikasema miwani ndiyo, jembe tugawane. Akakataa, bado amepiga magoti. Nikakubali yote, nikambariki.

Jioni hiyo tuliposali, sikumwachia Mungu achague. Nilitaja. Binti asiugue. Kanisa liwe karibu na chumba chake. Wazee wake wasiwe wabishi kama baba yake. Asizoee viazi akausahau ugali wa ulezi. Nikasema amina.

Dada yangu, aliyepiga magoti kando yangu, hakuitikia.

"Umesahau nauli ya kurudi," akasema.

Nikafanya tena ishara ya msalaba, nikaanza upya.