Mtihani wa Kugonga Tumbo

Nililazwa katika hospitali ya Wajerumani pale Morogoro baada ya chuma cha reli kuniangukia na kunivunja mguu. Katika kitanda kilichofuata changu alilala mzee wa Kiluguru, Mwislamu, aliyeshushwa kwa machela kutoka milimani juu ya Mlali. Ugonjwa wa tumbo uliomleta ulikuwa umepona zamani, lakini alizidi kukonda, na bwana mganga, Mjerumani, hakuwa na hakika kwa nini.

Bwana mganga alikuwa akiwafundisha vijana wawili kazi yake. Mmoja alikuwa msomaji hasa, wa misheni, mtu asiyecheka. Mwenzake, kijana wa pwani, alipenda zaidi kanzu yake nyeupe na matembezi ya sokoni. Siku ya mtihani ilipokaribia, mganga aliwaambia kuwa watapimwa kwa mzee huyo, akawaonya mbele yetu, kana kwamba sisi wagonjwa hatukuwa na masikio.

"Mgonjwa husema uongo. Mwili hausemi uongo. Mtatumia macho, mikono na mpira wa kusikilizia. Atakayekwenda kumuuliza mgonjwa, huyo mwizi wa mtihani. Nitamfukuza."

Kesho yake mchana, mganga alipokwenda kula, yule wa pwani akaja kuketi ukingoni mwa kitanda cha mzee. Kwa majuma mazima alikuwa akimpita kama anavyopita mtungi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniona?"

"Nimekuona. Hebu niambie, unaumwa nini?"

Mzee alinitazama kwanza, kama anayeuliza iwapo swali hilo ni halali. Kisha akanong'ona kwamba haumwi kitu, ana njaa. Alikuwa amesikia kuwa mchuzi wa hospitali hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo kila siku aliumwaga dirishani. Mbona hakusema? Hakuulizwa.

Asubuhi ya mtihani yule wa misheni alitangulia. Aligonga tumbo la mzee, akasikiliza, akabonyeza, akatoa jasho. Mwishowe akasema ini limevimba. Mganga akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kwani ndivyo alivyodhani hata yeye.

Akaja wa pwani. Aligonga pia, ingawa mpira aliuweka karibu na kitovu, akafumba macho kama anayesikia habari za mbali.

"Huyu hana ugonjwa, bwana mkubwa. Hali chakula kwa kuogopa nguruwe."

Mganga akamsogelea.

"Hilo," mganga akauliza taratibu, "umelisikia kwa mpira?"

Kijana akautazama mpira. Hapo mzee, aliyetaka tu kumsaidia, akajiinua kwa kiwiko. "Ni kweli kabisa, bwana mganga! Kijana huyu ana adabu. Jana alikuja akaniuliza vizuri."

Nilitamani kumziba mdomo. Mganga akanyoosha kidole mlangoni.

"Msamehe, bwana," mzee akalia. "Aliuliza tu!"

"Ndilo kosa lenyewe."

Kijana akavuliwa kanzu akaondoka. Wa misheni akapongezwa, na mzee akaanza kupewa dawa ya ini, chungu kupita kiasi. Lakini mpishi, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alianza kumletea ugali na maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya nazi. Mzee akanenepa. Mganga akawaonyesha wageni wake jinsi ile dawa inavyofanya kazi.

Nilikuwa nimeanza kutembea kwa mkongojo wakati wagonjwa wengi walipoteremshwa kutoka milimani, wengine wasiojua ila Kiluguru. Mganga akahitaji mkalimani. Aliyepatikana ni yule wa pwani, ambaye mama yake alikuwa Mluguru. Alirudi bila kanzu, amekatazwa kugusa mgonjwa wala mpira. Kazi yake ilikuwa kupita kitanda hadi kitanda akiuliza watu wanaumwa wapi, kisha kumweleza yule wa misheni.

Nilimuuliza anaionaje kazi hiyo.

"Nzuri," akasema. "Na haina mtihani."

Akaburuta kigoda chake hadi kwa mama mmoja aliyekuwa amefika asubuhi ile, akamwamkia.