Shahidi wa Njano

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka shambani nikiwa nimechoka, tope limenifika magotini, tumboni hakuna kitu tangu asubuhi. Pikipiki ya taxi-moto iliponishusha mbele ya geti langu hapa Dilala, Kolwezi, gurudumu lake lilisaga majani yaliyoota kando ya mtaro. Harufu kali ikapanda, ile inayouma pua na kuleta machozi yasiyo na huzuni. Nikasema moyoni: haradali ya porini. Kisha nikasimama palepale na mzigo wangu begani, kwa sababu akilini nilimsikia nkambo, bibi yangu.

Niwaambie ukweli, wala sioni haya: mimi nimejitengeneza mwenyewe. Diploma ya kilimo niliipata Lubumbashi, mchana darasani, jioni nikibeba mifuko ya saruji. Katika kutambua mimea hakuna aliyenishinda. Mwalimu akiinua ua la njano, wenzangu wakiwa bado wanapekua vitabu, mimi nimeshajibu: petali nne zimekaa kama msalaba, maganda membamba kama sindano, basi ni jamii ya haradali. Hilo la msalaba sikulisoma popote. Nililijua tangu utotoni, na njaa ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka wa njaa ile tata, yaani baba, alikuwa amekwenda Kisenge kutafuta kazi. Mama aliuza makala, yaani mkaa, sokoni hadi jua lizame. Aliyetulea ni nkambo, mama yake tata, aliyetoka Sandoa na kitambaa chake cha kichwa na kikopo cha ugoro. Kila mvua iliponyesha alituchukua, mimi na dada yangu mdogo Charlotte, aliyeniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, kuchuma majani kwenye viwanja vilivyoachwa nyuma ya nyumba za zamani za kampuni ya madini.

Alikuwa na utaratibu wake. Majani yakiwa machanga, mazuri na mabaya hufanana, na yakishatoa maua huwa machungu. Kwa hiyo katika kila kichaka alikuwa amechagua mmea mmoja, ule uliotangulia kukua, akaufunga uzi mwekundu. Huo aliuita shahidi. Hatukuugusa mpaka uchanue. Ukitoa msalaba wa njano, tulichuma majani ya wadogo zake. Ukitoa vijua vidogo vyenye miale mingi, tuliondoka, maana majani ya namna hiyo yalikuwa yamewalaza majirani fulani kwa tumbo.

Siku ninayoikumbuka, Charlotte alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kutoka kwenye malaria. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu, na bukari, ugali wetu, bila mboga haikumpita kooni. Tulizunguka viwanja vyote. Wengine walikuwa wametutangulia. Kilibaki kichaka kimoja kando ya reli, kibichi, kinene. Shahidi wake alikuwa bado amefumba.

Nilifikicha jani, nikanusa. "Nkambo, ni yenyewe! Nusa!"

Akacheka. Pua yake ilikuwa imekwisha kuliwa na ugoro. "Bwana yangu," akasema, kwa sababu ndivyo alivyoniita, "pua ya mwenye njala inaitika ndiyo kwa kila kitu. Tungoje."

Mama Philo, jirani yetu, alikuwa akipita na ndoo kichwani. "Ee mama wa Sandoa! Mutoto anakufa na njala, we unangojea maua? Unaenda kuolewa?"

Nkambo alikuwa akimtazama Charlotte, aliyekuwa ameketi kwenye chuma cha reli. Kisha akamshika mkono, tukarudi nyumbani.

Jioni ile tulikula bukari na chumvi. Charlotte alimeza matonge mawili, akageukia ukutani. Mimi nilimchukia nkambo kwa moyo wote alionao mtoto.

Asubuhi tulirudi. Shahidi alikuwa amefunguka: petali nne, msalaba safi. Kumbe tulilala na njaa bure! Mama Philo alituona, akapiga makofi. "Si nilisema? Ilikuwa muzuri tangu jana!"

"Leo iko muzuri," nkambo akasema, ameshainama anachuma. "Jana ilikuwa haiyasema bado."

Charlotte alikula siku hiyo mpaka akalamba sahani.

Miaka mingi nilidhani ule ulikuwa ukaidi, au mila ya wazee wa Sandoa. Baada ya kurudi na diploma yangu, nilikwenda Sandoa kumsalimia shangazi, nikamsifu nkambo jinsi alivyojua mimea. Shangazi akaniangalia. "Mama yetu? Ile majani huku hatukukuwa nayo. Hakuyayua hata moja. Alikuwa anaogopa Kolwezi yote."

Basi hakuwa mjuzi. Alikuwa mgeni, amekabidhiwa watoto wa mtu katika udongo asioufahamu, na hakuyaamini macho yake mwenyewe. Siku ile kando ya reli ni yeye aliyekuwa akiogopa.

Viwanja vile sasa ni shimo la mgodi, na mitaa niliyoijua inanipotea. Mke wangu anasema nyumba ya mwenye diploma haifai kuzungukwa na magugu. Nimeyaacha. Mmea mmoja nimeufunga uzi mwekundu.

Jana Charlotte alikuja kula kwangu. Alipita mtaroni, akauona ule uzi, akaingia ndani. Sahani zilipowekwa mezani ndipo akauliza:

"Yaya, imefunguka?"

"Bado."

"Bon, basi," akasema, akivuta kiti. "Leta chumvi."