Kijiji cha Kumbeba Mama

Nyumba ya mama yangu haijasogea hata hatua moja tangu ijengwe, lakini imehamishwa mara nyingi kuliko mimi niliyeolewa Bwera. Nilipozaliwa ilikuwa ndani ya kambi ya wachimba shaba. Mgodi ulipofungwa ikawa kijijini. Nikiwa shule ikaingizwa mjini, mji ukawa manispaa, manispaa ikakatwa divisheni, nasi tukaangukia Bulembia. Siku hizi redio inasema Kasese itakuwa jiji. Kila badiliko lilikuja na spika juu ya gari na mtu aliyevaa suti kwenye jua kali, akitutangazia kwamba serikali imesogea karibu. Baba alikuwa akiuliza, karibu na nani? Halafu anacheka peke yake, maana wengine waliogopa kucheka.

Baba alitoka Kenya kufuata shaba, mama akamfuata baba. Hapa hatukuwa na shangazi wala mjomba. Ukoo wetu ulikuwa majirani, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Bonde letu ni la miteremko, gari haifiki kwenye milango mingi. Mtu akizidiwa, wanaume humlaza kwenye machela ya mianzi na kupokezana mabega mpaka barabarani. Akifa, kikundi hicho hicho cha machela humchimbia kaburi, na wanawake wa kikundi hupika. Kila kijiji kina kikundi chake: ukikaa ndani ya mpaka unabebwa, na wewe unabeba wengine. Tena kuna mwiko uliokuwepo kabla ya manispaa. Jembe la nyumba yenye msiba haliguswi. Majirani huja na yao. Mfiwa akichimba mwenyewe, ametangaza kwamba marehemu hakuwa na watu.

Baba alipokufa walikuja wengi hata majembe yakakosa nafasi. Walimzika nyuma ya nyumba, na mama akaonyesha pembeni yake na kusema pale ni pake, asije mtu akapanda ndizi. Yeye mwenyewe alipika maharage ya misiba mingi sana. Watoto wakimwona amejitwika sufuria kubwa waliuliza, leo nani amekufa?

Kisha wakasema kijiji chetu kimekuwa kikubwa mno, lazima kikatwe viwili ili huduma ziwafikie watu. Maofisa walikuja kiangazi. Walisimama juu ya jiwe, wakanyoosha mikono kuonyesha mto Nyamwamba, wakasema mpaka ni huo, upande huu kijiji cha juu, upande ule kijiji cha chini. Tukapiga makofi. Mto ule umetubebea mbuzi, vyoo na madaraja. Hakuna mtu wa bonde lile asiyejua kwamba hauna adabu ya kukaa mahali pamoja. Hata hivyo hakuna aliyefungua mdomo. Jua lilikuwa kali na sote tulitaka kwenda kula.

Mvua zilipokuja, Nyamwamba uliruka. Uliacha njia yake ya zamani mbele ya nyumba ya mama, ukakata mpya nyuma, ng'ambo kidogo ya kaburi la baba. Nyumba haikuguswa. Tulimshukuru Mungu mapema mno.

Kwa sababu sasa mama alikuwa katikati, kwenye kipande cha ardhi kati ya mto wenye maji na mto wa mawe matupu. Alikuwa mtu wa kijiji cha juu siku zote. Mwenyekiti wa juu akasema mpaka ni mto, na mto umemweka mama upande wa chini. Mwenyekiti wa chini akasema mpaka ni pale mto ulipokuwa siku ulipotajwa, kwa hiyo mama ni wa juu kama zamani. Wote wawili walizungumza kwa upole. Mama aliwasikiliza, akawauliza, "Basi mimi nikianguka, nani atanibeba?" Wakacheka, wakamwambia bado ana nguvu.

Mimi huko Bwera nilikuwa na kibanda changu cha vitenge karibu na mpaka wa Kongo, na kila siku nilisikia wimbo ule ule: na sisi tupewe wilaya yetu. Wauza kahawa waliuimba, walimu waliuimba, mume wangu aliuimba mezani. Mteja wangu mmoja kutoka ng'ambo, mama mnene mwenye mzaha, aliniuliza huku akipima kitenge kwa mkono, "Banasema munapata district yenu? Kwetu kule bachefu, bakubwa ba serikali, banabadilika kila siku. Ila mutu iko na njala ile ile." Nikacheka. Lakini moyoni nilimfikiria mama na swali lake, na nilimwogopa mtu yeyote anayeshika kalamu mbele ya ramani.

Mama alizidiwa asubuhi moja ya masika. Nilikuwa nimekwenda kumtazama, nikamkuta hawezi kusimama, pumzi inapanda na kushuka kwa shida. Njia ya kutoka pale ilikuwa imekatika, hata pikipiki haikufika, ilibidi abebwe. Nikavua viatu, nikavuka maji mpaka kwa mwenyekiti wa juu.

Alikuwa anakunywa chai. "Mama tunapenda sana," aliniambia. "Lakini sasa iko ngambo. Machela ya huku nikituma huko, watasema nimekubali mpaka ingine. Nenda kwa yule wa chini, ni kazi yake."

Yule wa chini nilimkuta shambani. "Mto ndiyo ilihama, watu haikuhama," alisema bila kuacha kupalilia. "Huyo mama si yangu, binti. Hata vijana wangu wataniuliza."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, halafu kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji, ili asipate kisingizio. Akahamia tuta jingine.

Mwishowe nilimbeba mama mgongoni, kwa kitenge, kama yeye alivyonibeba. Hakuwa mzito, na jambo hilo liliniumiza kuliko uzito. Tulikwenda juu ya mawe yale polepole, nikipumzika, nikiendelea, huku watu wa pande zote mbili wamesimama milangoni kwao wakitutazama. Niliwajua wote kwa sura. Yeye alining'ang'ania shingo na kuninong'oneza, "Mbebwa hujikaza, mwanangu. Najikaza." Nilimwambia anyamaze. Barabarani tukapata pikipiki, tukambana katikati, mimi na dereva, mpaka hospitali. Muuguzi aliuliza kwa nini tumechelewa. Nikamwambia mto ulihama. Mama alikufa siku ya pili, mchana, mvua ikigonga mabati.

Niliporudi na mwili nilitegemea kukuta ua mtupu. Nilikuta umejaa. Kijiji cha juu kilikuwa kimevuka maji na majembe, kijiji cha chini kimekuja na majembe, sufuria, hata turubai. Nililia kwa shukrani, mjinga mimi. Nilidhani wameona aibu.

Rafiki wa mama, mwanamke waliyepika pamoja miaka yote, alinivuta kando ya choo akanieleza. Siku zile tukiwa hospitali, habari zilikuwa zimefika kwamba wapimaji wa jiji wanakuja. Tena lori zilikuwa zimeanza kuchota mchanga kwenye mto wa mawe, mchanga mzuri wa kujengea, na kila mwenyekiti alitaka kipande kile kiwe chake. Na kwetu hakuna alama ya mpaka inayoshinda kaburi. Kijiji kilichomzika mtu ndicho chenye ardhi aliyolala; baba alizikwa kijiji kikiwa bado kimoja. "Hawakuja kwa ajili yake," alisema, akalia. "Mimi nimekuja kwa ajili yake. Lakini wao, hapana."

Nyuma ya nyumba tayari walikuwa wanasukumana. "Huyu ni mutu yetu!" alipaza sauti mwenyekiti wa chini. "Mama ya kijiji ya juu, tangu zamani!" akajibu mwenzake. Kijana mmoja alipiga jembe la kwanza, mwingine akalikanyaga lisinyanyuke. Jeneza lilikuwa bado juu ya viti, na hakuna aliyelitazama.

Niliingia jikoni nikachukua jembe la mama.

Nilipotoka nalo, kelele zilikoma. Nilisimama kando ya kaburi la baba, pale mama alipopaonyesha mwenyewe, nikaanza kuchimba. Mzee mmoja alisema, "Binti, weka chini, utaleta laana." Nikamwambia laana ilikuja siku nilipombeba mama mgongoni na yeye akiwa mlangoni kwake anatafuna muhogo. Udongo ule ni kokoto tupu, jembe lilipiga mawe na mikono ikachubuka. Nililia kwa sauti na kuchimba. Nilitaka watu wote wajue kwamba mama yangu hakuwa na watu.

Shimo liliishia magotini kwangu. Nguvu ziliniisha, nikaketi ndani ya shimo, na hapo ndipo walipokuja wakaninyanyua, wa juu mkono huu, wa chini mkono ule. Wakamaliza shimo pamoja. Kazi waliifanya vizuri. Tulimzika kabla ya mvua.

Wapimaji walikuja baadaye, nikiwa nimerudi kufunga nyumba. Waliweka chombo chao cha miguu mitatu juu ya mawe. Mwenyekiti wa juu akawaongoza hadi nyuma, akawaonyesha kaburi jipya. "Huyu ni mama yetu," aliwaambia, "tulizika sisi." Walipoondoka kwenda kula, yule wa chini aliwasubiri njiani akawarudisha pale pale, akawaambia maneno yale yale, na akavua kofia.

Wapimaji walinikuta mlangoni, nimeshika mkeka wa mama. Mpimaji mmoja, kijana mpole, aliniuliza marehemu alikuwa wa kijiji gani. Nikamjibu kwamba sasa anavyo viwili. Lakini asubuhi ile ya kumtoa hapa akiwa hai, alihitaji kimoja tu.