Vani ya Bingwa Inauzwa

Mtaa mzima ulimwita Bingwa, na yeye, maskini, hakushtukia kwamba anachekwa. Alikuwa na vani kuukuu yenye pua bapa. Aliinyanyua juu, akaipachika mbele ekseli ya gari jingine bovu ili magurudumu yote manne yavute. Kazi hiyo aliifanyia kwenye banda la uani, na humo ndimo vani ilimoganda. Kibao cha "INAUZWA" kilipauka kiooni hadi maandishi yakaonekana kwa shida.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alishonea chumbani. Cherehani ilibanwa kati ya kitanda na kabati, na sketi zilizokatwa zililala kitanda kimoja na watoto. "Vani ikiuzwa tu, banda lako," Bingwa alimwambia kila mara, kwa sauti ya mtu anayegawa mashamba. Sasa mwalimu mkuu wa shule alikuwa amesema Jumatatu atakuja kuona karakana ya kushonea. Asipoiona, kazi anampa mshonaji mwingine. Mama wa watu alikonda kwa mawazo.

Si kwamba wanunuzi walikosekana. Bingwa aliwafukuza mwenyewe. Huyu hajui kukanyaga klachi, yule ana mikono laini. Ungedhani anaozesha binti! Na hayo magurudumu manne aliyojitapa nayo mtaani, hakuwahi kuyajaribu hata siku moja. "Haichezewi ile," alisema. "Ni ya dharura."

Jumamosi akaja mchimba visima, mtu wa maneno machache, mabuti yamejaa tope. Vani ikampendeza. Aliomba jambo moja tu: aone inavyovuta, palepale uani, pale maji ya kufulia yanapomwagwa.

Bingwa akapanda kwa madaha kama rubani. Akaitoa vani bandani hadi kwenye tope, akavuta kigia kifupi cha pili, cha kuunganisha magurudumu ya mbele, akakanyaga mafuta. Vani ikanguruma, ikatetemeka, isiende mbele wala nyuma. Magurudumu ya nyuma yalisukuma kwenda mbele. Ya mbele yalizunguka kurudi nyuma. Gari lilikuwa linagombana na nafsi yake! Akaongeza mafuta, bwege yule, mpaka tumbo la vani likakaa kwenye tope, mkia wake ukiziba mlango wa banda.

"Mzee," mchimba visima akasema, "difu ya ekseli ya mbele umeifunga kichwa chini, ndiyo maana inazungusha magurudumu kinyume. Si kitu. Naichukua hivyohivyo, mafundi wangu wataigeuza."

Mshonaji alishusha pumzi. Alikwishaliona banda limefagiliwa, meza ya kukatia imesimama katikati.

"Kichwa chini?" Bingwa alifura. "Wewe ndiye umetazama kinyume. Siuzi gari langu kwa mtu asiyejua magari!"

"Baba watoto, nakuomba," mkewe akasema. Hakuwa na kawaida ya kumwomba. "Mwachie achukue."

"Mke wangu, haya ni mambo ya kiufundi. Huwezi kuelewa."

Hapo hasira ikampanda mkewe, ikapita, akabaki mtulivu kabisa. Aliingia ndani, akatoka amekumbatia cherehani. Watoto walimfuata na mabunda ya vitambaa.

"Kaka, unapita njia ya shule?" alimuuliza mchimba visima. "Pale jirani kuna chumba cha kupanga."

"Napita, dada." Akampokea cherehani, akaipakia kwenye pikapu yake taratibu.

Bingwa aliruka chini, tope likampanda magotini. "Mnakwenda wapi? Na mimi je?"

"Wewe si una gari?" mkewe akamjibu, akafunga mlango wa pikapu.